Chokaa ya Kijaluba

Bibi yangu ana mdomo mwekundu. Sisemi rangi ya dukani. Ni wekundu wa tambuu, ulioingia kwenye midomo, fizi na ulimi, hata akiamka asubuhi, kabla hajagusa kitu, mdomo umewiva vilevile. Nilipokuwa mdogo nilidhani bibi wote huumbwa hivyo. Siku niliyokwenda kucheza kwa rafiki yangu nikamwona bibi yake ana midomo ya kawaida, nilirudi mbio kumwambia Bibi kwamba yule mama wa watu anaumwa.

Mama yangu ni mwalimu, na utoto wangu wote alikuwa akihamishwa, mara skuli ya Pemba, mara ya Unguja shamba. Mimi nikabaki Malindi, mjini Unguja, kwa Bibi, mamaake, ghorofa ya juu, katika nyumba ambayo boti ya Dar es Salaam ikipiga honi vikombe hutikisika kabatini. Basi aliyenilea ni yeye, na harufu niliyoijua kuwa ndiyo ya nyumbani ni ya mdomo wake: jani la tambuu, popoo, katu, na chokaa aliyoichota kwa ncha ya kidole. Chokaa ilikaa katika kijaluba cha shaba, kikopo kidogo chenye kifuniko ambacho Bibi hakuruhusu mtu yeyote kukifungua. Nilikifungua, bila shaka, nikailamba chokaa nikidhani ni malai ya maziwa, na ulimi wangu ukachubuka. Bibi alinipaka samli huku akinigombeza, na katikati ya kugombeza akashikwa na kicheko.

Ukubwani nikawa mtu wa maabara. Nasema hivyo kwa sababu Bibi hakupata jina jingine la kazi yangu.

"Umekuwa daktari?"

"Si daktari, Bibi."

"Sasa huko unamtibu nani?"

Nikamwambia simtibu mtu, nachunguza bakteria wanaokula mwani. Akanitazama kwa huruma.

"Mwani una wenyewe, mwanangu. Watu wanaupanda maji yakiwa kiunoni, na wewe unafuga vidudu vya kuula?"

Kweli nilikuwa nikivifuga. Nilikwenda pwani ya Uroa, maji yakitoka, nikaokota mwani uliotupwa na bahari na kuanza kuoza. Bakteria waliokuwa juu yake nikawapeleka maabara na kuwaotesha kwenye visahani vyenye ute ulioganda. Mwani, kama muhogo, una hazina yake ya sukari, ila sukari hizo zimetungwa moja baada ya moja kama koja la asumini, na mtu hawezi kuzila zikiwa hivyo. Bakteria ndio wenye mkasi. Mkasi huo, yaani kitu cha ndani ya chembehai kinachokata chakula vipande vipande, kwa Kiswahili cha vitabuni unaitwa kimeng'enya. Bibi alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alisema ni kama mtu anayetafuna fupa.

Visahani vyangu vya mwanzo viliharibika vyote. Ute ulikuwa umebonyea vishimo, mwengine umekuwa majimaji, nami nikadhani sikuupika ukaiva. Nikavirusha kwenye ndoo ya taka kwa hasira, kisahani baada ya kisahani, nikivilaumu kimoja kimoja, kwa sababu mimi nikikasirika sina siri. Mwalimu wangu wa maabara, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, aliinama akakitoa kimoja ndooni na kukiinua dirishani.

"Vishimo hivi umevichimba wewe?"

"Hapana."

"Basi nani?"

Nikakipokea, nikavitazama vile vishimo. Ute wa visahani vile hutengenezwa kwa mwani. Nilikuwa nimewawekea wageni chakula, wakala na sahani, na mimi nikawatupa kwa sababu wamekula. Niliona haya, lakini zaidi niliona furaha, na nikatumia mchana mzima kuokoa vilivyobaki ndooni.

Shida iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Nilikitoa kimeng'enya ndani ya bakteria, nikakisafisha kwa kufuata maelekezo herufi kwa herufi, na kila kilipokuwa safi kabisa kilikuwa kimekufa. Hakikati chochote. Kikiwa kichafu, kimechanganyika na uchafu wake, kinafanya kazi, na nikikisafisha kinalala. Niliishi hivyo mpaka nikawa sili vizuri. Kumbe katika maji niliyokisafishia mlikuwa na chumvi moja ya maabara ambayo kazi yake ni kunyang'anya madini. Huwekwa kwa nia njema, ili vimeng'enya vingine vinavyotaka madini visije vikakila kile unachokitaka. Lakini changu nacho kilikuwa kimeshika chembe za madini ya kalisi mwilini mwake, na bila ya hizo hakiwezi kusimama kwa umbo lake. Nilikuwa nikimvua mtu mshipi halafu namlaumu suruali inaanguka. Nikaondoa ile chumvi, nikakirudishia kalisi kidogo, tone kwa tone, na kikaamka.

Nilishuka ngazi za maabara nikirukaruka. Nikafika nyumbani, nikamkuta Bibi amekaa juu ya busati karibu na dirisha, kijaluba mbele yake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Kimeng'enya changu kimeamka! Kilikuwa kinataka kalisi. Unaijua kalisi? Ndiyo iliyomo kwenye chokaa. Chokaa yako hiyo."

Akakitazama kijaluba chake, akanitazama mimi.

"Kumbe na chenyewe kinakula tambuu," akasema.

Tokea siku hiyo kazi yangu ikapata heshima nyumbani. Akija mgeni, Bibi humwambia kwamba mjukuu wake anafuga vidudu vya Uroa vinavyotaka chokaa, na mgeni huitikia kwa adabu kama mtu aliyeelewa.

Mwaka uliofuata nikachukua mimba. Mume wangu anafanya kazi bandarini, hatua chache tu kutoka kwetu, na tulikuwa tunakaa hapohapo kwa Bibi kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kumwacha peke yake. Nilipoanza kuwa mzito nikawa narudi mapema, na mchana mmoja Bibi akaniuliza, hivi hicho kimeng'enya, mtu anaweza kukiona? Nikamwambia kukiona hawezi, lakini kazi yake ataiona, na tena yeye mwenyewe anacho mdomoni. Mate ya binadamu yana kimeng'enya chake kinachokata wanga, nacho kimeshika chembe yake ya kalisi vilevile.

Nikapika uji mwembamba sana wa wanga wa muhogo, ukapoa, nikautia katika gilasi mbili. Nikamwambia asukutue mdomo vizuri, tambuu yote itoke, kisha ateme mate katika gilasi moja. Bibi aliona aibu, akageuka ukutani, akatema kwa adabu kama bi harusi. Tukaziacha gilasi, akaenda kusali alasiri. Aliporudi nikazitilia zote mbili tone la aidini, ile tunayoitia vidondani. Gilasi isiyo na mate ikageuka buluu ya kiza, karibu nyeusi. Yake ikabaki na rangi ya chai hafifu. Ule wanga haukuwamo tena.

"Umekwenda wapi?"

"Umeula wewe. Umeukata umekuwa sukari."

Akaisogeza ile gilasi mwangani, akaizungusha. Meno yalikwisha kumtoka karibu yote, na kwa muda mrefu alikuwa anakula vitu laini tu, akilalamika kwamba mdomo wake umestaafu. Siku ile uso wake ulikuwa kama umepata habari njema kutoka mbali.

"Kumbe mate yangu mazima," akasema. Halafu akaweka mkono wake juu ya tumbo langu. "Basi huyu akija, tende yake ntaitafuna mimi."

Kwetu mtoto akizaliwa huadhiniwa sikioni, kisha mtu mzima anayependwa kwa mwenendo wake huitafuna tende mpaka ilainike, na kwa ncha ya kidole humpaka mtoto kwenye kaakaa. Ndiyo ladha yake ya mwanzo duniani. Katika ukoo wetu aliyefanya hivyo ni Bibi. Alimlambisha mama yangu, akawalambisha wajomba zangu, akanilambisha mimi. Alipolisema lile neno hakuwa anaomba ruhusa. Mimi nikatabasamu, nikazichukua gilasi kwenda kuziosha, na jikoni nikasimama mbele ya bomba bila kulifungua.

Niliogopa. Sitaki kulipamba. Mimi ni mtu niliyewahi kuyaotesha mate yangu mwenyewe kwenye kisahani wakati wa mafunzo, na nilichokiona asubuhi yake kilinifanya nipige mswaki mara mbili mbili kwa muda mrefu. Bibi alikuwa na jino moja bovu kwenye taya la chini alilokataa kung'olewa, na kikohozi kilichokuja na kuondoka. Muuguzi wa kliniki alishasema mtoto asipewe kitu chochote isipokuwa ziwa la mama. Na nilikuwa nimesoma mambo yaliyonifanya nipende na niogope kwa pamoja: kwamba bakteria wa mwanzo wa mtoto wengi hutoka kwa mama yake; kwamba ndani ya maziwa ya mama mna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzikata, zimewekwa pale kwa ajili ya bakteria wake wazuri; na kwamba maziwa hayohayo yana kitu kinachoshika madini ya chuma kwa nguvu, ili vidudu vibaya visikipate chuma hicho na kustawi. Maziwa yanalisha huku na yananyima huku. Nilikuwa nayajua hayo yote, na bado sikujua nitamwambiaje Bibi.

Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Hilo lenu nyinyi wanawake, mimi yangu adhana." Nikamnunia mpaka siku ya pili.

Mimba ilipokaribia mwisho nikaanza kuona kitu. Midomo ya Bibi ilikuwa inapauka. Kwanza ikawa ya waridi, kisha kahawia, kisha ikabaki rangi ambayo sikuwahi kuiona katika uso ule. Nikakumbuka bibi wa rafiki yangu.

"Bibi, unaumwa?"

"Mzima mimi."

"Unakula vizuri?"

"Nshakula. We jiangalie wewe."

Siku moja nikawa natafuta pini ya mtandio, nikakiinua kijaluba, kwa sababu zamani alikuwa akificha pini chini yake, kisha nikakifungua. Chokaa ndani ilikuwa imekauka. Ilikuwa imepasukapasuka kama udongo wa njia, na juu yake hamkuwa na alama ya kidole. Nikakaa nacho mkononi. Bibi akaniona kutoka mlangoni.

"Mbona huli tambuu?" nikamwuliza.

"Nnausafisha mdomo."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mgeni," akasema, na akatazama tumbo langu. "Muuguzi wenu asije akasema nnamtia uchafu. Nnasukutua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Na lile jino nimekwenda kuling'oa."

Alikuwa amekwenda peke yake, mimi nikiwa kazini. Jino alilowakatalia watoto wake wote kwa miaka. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kukimbia, na katika kuchanganyikiwa huko nikasema kilichokuwa moyoni, kwa namna mbaya kama kawaida yangu.

"Bibi, naogopa."

"Kuzaa? Usiogope kuzaa, mwanangu, utazaa salama."

"Siogopi kuzaa. Naogopa hiyo tende."

Akasimama palepale mlangoni. Chini njiani mtu alikuwa akiita mwenzake, akajibiwa "naam," na sote wawili tukasikiliza kana kwamba linatuhusu.

"Unauogopa mdomo wangu," akasema. Hakuuliza.

"Siuogopi mdomo wako. Naogopa vidudu vilivyomo."

"Vimekaa na mimi tokea lini?"

"Vingine tokea utoto wako."

"Basi si wageni. Ni wa nyumba."

Nikacheka, nikitumaini na yeye atacheka. Hakucheka. Nikasema haraka kwamba tunaweza kuilainisha tende kwa maji yaliyochemshwa, ni tende ileile, na dua ataisoma yeye.

"Kwa maji," akasema, kama mtu aliyetajiwa jina la jirani asiyempenda.

Akajifunga kanga yake vizuri, akaingia chumbani. Adhana ilikuwa bado, lakini nilisikia msala ukitandikwa.

Baada ya hapo hakulitaja tena jambo lile. Alinipikia, alinikanda miguu, alinichekesha kwa habari za majirani. Lakini tambuu hakula. Hilo ndilo lililonila mimi. Nikanunua majani mabichi sokoni, nikayaweka kwenye kitambaa chenye maji kando ya kijaluba, nayo yakanyauka bila kuguswa. Kama angekasirika tungegombana, mimi ugomvi nauweza. Sikuweza kuutazama mdomo ule mkavu, msafi, uliokuwa ukingoja.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti ya kutosha. Mume wangu alimwadhinia, akakosea akarudia, sote tukajifanya hatukusikia. Mama alikuwa ndani ya meli kutoka Pemba. Tuliporudi Malindi, Bibi alikuwa amekwishatandika kitanda na kufukiza udi kidogo. Akanisaidia kulala, akampokea mtoto, akamnusa shingoni. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda. Juu ya kiti palikuwa na kibakuli kimefunikwa leso, na nilijua kilicho ndani.

Akaichukua tende moja. Akaipasua, akaitoa kokwa, akaigeuza na kuitazama ndani kama imepata mdudu. Midomo yake ilikuwa mikavu kabisa. Mimi nilikuwa nimechoka, nimeshonwa, nina homa ya furaha, na nikagundua kwamba nimeshaamua. Sitasema neno. Niliona vishimo vyangu vyote na visahani vyangu vyote, na nikaona pengo la lile jino, na nikafumba macho ili asiuone uoga wangu.

"Fumbua," akasema Bibi.

Nikafumbua macho.

"Mdomo. Fumbua mdomo."

"Mimi?"

"Wewe, nani mwengine? Mtoto hajui kutafuna."

Akanitia tende mdomoni kwa vidole vyake, kama alivyokuwa akinilisha matonge ya wali.

"Mdomo huo nliulambisha mimi, tena siku ulozaliwa," akasema. "Vyangu vyote nshakupa, na vidudu vyake. Tafuna umpe mwanao."

Nikatafuna. Tende ilikuwa tamu mno, na machozi yalikuwa yanaingia mdomoni pamoja nayo, na sikuweza kuyazuia wala sikutaka. Nilimpenda Bibi wakati ule kwa namna ambayo kifua hakikuwa na nafasi nayo. Yeye akasoma dua kwa sauti ya chini, akanishika mkono wangu, akauongoza. Kidole kilikuwa changu na mkono uliokishika ulikuwa wake. Nikamgusa mtoto kwenye kaakaa kwa utamu mdogo usiozidi ncha ya sindano. Mtoto akakunja uso, akatulia, kisha ulimi wake ukaanza kutafuta.

"Kaijua," akasema Bibi. "Umeona? Kaijua."

Akamrudisha mtoto kifuani kwangu anyonye. Akajipangusa vidole kwa leso, akanyoosha mgongo, akamgeukia mume wangu aliyesimama mlangoni hajui aingie au atoke.

"Haya, baba. Nipe kijaluba changu."

"Chokaa imekauka, Bibi," nikasema.

"Itieni maji. Itaamka."

Mume wangu akaenda kuitia maji, akaambiwa amezidisha, akaimwaga kidogo, akaambiwa sasa sawa. Akatumwa na majani mapya sokoni. Mama yangu alipofika jioni na mzigo wake, alimkuta mtoto amelala juu ya mapaja ya Bibi, na mdomo wa Bibi ulikuwa mwekundu.